Usaili wa ualimu huanzia nyumbani

Kwa miaka mingi mhitimu wa ualimu nchini alituma maombi yake, akasubiri kupangiwa kituo kwa kutazamwa sifa zake tu. Zama hizo zimepita. Usaili wa walimu chini ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, uliofanyika mikoani kuanzia Januari 2025, uliwakutanisha waombaji zaidi ya laki mbili na nafasi 14,648. Kwa hesabu hiyo, kila nafasi moja iligombewa na watu wapatao kumi na wanne.

Katika familia zetu za Tunduma, Vwawa na Mlowo wamo vijana wenye stashahada na shahada za ualimu ambao leo wanauza dukani, wanaendesha bodaboda au wanabadilisha fedha mpakani. Kazi hizo ni za halali, wala hatuzidharau. Lakini aliyekaa miaka mitano bila kushika chaki husahau andalio la somo na azimio la kazi, na usaili haumsubiri akumbuke.

Tuanze na lile linalotuhusu sana sisi Waislamu: majina. Mtoto huandikwa Hamisi katika cheti cha kuzaliwa, Khamis katika cheti cha kidato cha nne, na Hamis katika kitambulisho cha Taifa. Binti ni Hadija chuoni na Khadija nyumbani. Kwetu sisi ni mtu yule yule. Kwa msimamizi wa usaili ni watu wawili, na mwenye tofauti hiyo hudaiwa hati ya kisheria ya kuithibitisha. Basi mzazi na avitandaze vyeti vyote mezani wiki hii, avisome herufi kwa herufi, na penye hitilafu pashughulikiwe mapema kwa mwanasheria na kwa mamlaka husika. Hati ya matokeo ya muda haikubaliwi mahali pa cheti halisi.

Pili, anuani. Waombaji hupangiwa mkoa wa usaili kwa kufuata makazi waliyoyajaza katika mfumo wa maombi. Tunduma ni mji wa wahamiaji. Aliyeacha anuani yake ya zamani ya Kigoma anaweza kuitwa Kigoma, na nauli, chakula na malazi ni juu yake mwenyewe.

Tatu, maandalizi yenyewe. Usaili wa kuandika hutangulia, na anayeuvuka huitwa kwenye mahojiano. Ausome upya muhtasari wa somo lake, kwani mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika mwaka 2024, na msisitizo wake ni umahiri wa mwanafunzi katika kutenda, si kukariri. Ajizoeze pia kueleza kwa sauti namna atakavyofundisha mada moja mbele ya darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache. Wahitimu watatu au wanne wakikutana baada ya Isha, wakaulizana maswali na kusahihishana, hiyo ni darsa yenye kheri.

Hapa tunawageukia waume. Mke aliyesomea ualimu, mwenye mtoto mgongoni na sufuria jikoni, atasoma saa ngapi? Kumpunguzia kazi kwa saa mbili kila jioni ni katika kuishi naye kwa wema.

Mwisho, tujihadhari na wanaodai kuuza maswali au nafasi. Kutoa rushwa ni haramu kama kuipokea, na mshahara uliojengwa juu yake utalisha watoto wetu kwa miaka thelathini. Heri kushindwa kwa haki na kurudi tena.

Bedui alifundishwa kumfunga ngamia wake kwanza, ndipo ategemee. Nasi tufunge kamba zetu: vyeti, muhtasari na muda. Kisha tuinue mikono kumwomba Allah awafanyie wepesi vijana wetu. Amin.