Bodi Haingoji Cheti

Wazazi na walimu wa huku kwetu, kuanzia Kilifi hadi Malindi, wana neno wanalolisema kana kwamba ni hekima: "Soma umeme kwanza, ndipo uguse hivyo vibodi." Kijana akitamani kuunda kitu kwa Arduino, kibodi cha kielektroniki kinachofuata programu unayoiandika, huambiwa asubiri fizikia ya sekondari, kisha chuo, kisha cheti. Ushauri huo ni mbovu, na umetunyima mafundi.

Tuitazame bodi yenyewe. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, katika chuo cha usanifu. Massimo Banzi na wenzake waliwaundia wanafunzi wao, ambao hawakuwa wahandisi, ila walitaka kazi zao ziwake, zizunguke, zilie. Huyo asiyejua ndiye aliyekusudiwa. Leo sisi ndio tunaomfukuza mlangoni.

Na teknolojia ya Waitaliano si ngeni kwetu. Tangu mwaka 1967 roketi zilirushwa kutoka jukwaa lao la baharini kule Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970 ilipaa hapo satelaiti ya Marekani iliyopewa jina letu, Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Lakini roketi hutazamwa kwa mbali. Mtoto wa mvuvi hawezi kuifungua aone kilichomo. Bodi hii inaenea kiganjani, na volti 5 za kebo ya USB zinaitosha.

Mwalimu atanijibu kwa kanuni ya Ohm. Naiheshimu. Ila nimewaona waliokariri V = IR hadi wakafaulu mtihani, na ukiwapa kitaa chekundu cha LED hawajui wakitie rezista gani. Aliyekwisha unguza kimoja hasahau tena: katika volti 5, kitaa huchukua kama 2, zinabaki 3, rezista ya omu 220 itapitisha miliampea 14 hivi, na kitaa kitapona. Hesabu ni ileile ya ubaoni, ila huyu ameihitaji.

Fundi wa majahazi hamweki mwanagenzi wake darasani miaka minne. Humpa pamba na patasi, akalafati. Maji yakivuja, anarudia. Kwa nini ufundi wa babu zetu tuuamini mikononi, na huu tuufungie vitabuni?

Kuna jambo moja sina ubishi nalo: umeme wa ukutani, volti 240, unaua. Anayeanza asiuguse kabisa, na akitaka bodi iwashe kitu kama pampu ya maji, aungiwe na fundi wa umeme aliyehitimu. Chini ya hapo, katika volti 5, kosa hugharimu kitaa, au pengine bodi. Hasara hiyo naikubali.

Mpwa wangu alianza bila somo lolote. Nyumbani kwao tangi hujazwa maji ya kisima, yenye chumvi kama visima vingi vya huku, na huisha bila taarifa. Akatumbukiza nyaya mbili za shaba, moja kwenye pini ya bodi, nyingine kwenye hasi, akaandika programu ya mistari michache: maji yakishuka chini ya nyaya, taa iwake. Ikafanya kazi, mamake akashangilia.

Wiki ya tatu taa ikawaka tangi likiwa limejaa. Akazitoa nyaya: moja imelika, imegeuka kijani, ya pili nzima. Akanijia nazo mkononi, akataka kujua kwa nini ile moja tu, ilhali maji ni yaleyale. Nilimwambia mkondo ule huenda upande mmoja, na waya wa chanya ndio unaoliwa. Hakuridhika. Jioni ile alikwenda kwa dadake kuazima kitabu cha kemia cha kidato cha tatu, na kesho yake bodi ikawa inapima maji kwa kupeleka umeme mara moja tu kila dakika kumi.