Mcheza Kwao Hutunzwa: MYSA na Maana ya Ustawi Mitaani Eastlands

Methali isemayo "mcheza kwao hutunzwa" hukaririwa katika kila darasa la Kiswahili nchini Kenya, na maana yake aghalabu hutolewa kwa sentensi moja: anayetenda jambo jema nyumbani kwao hutuzwa. Maelezo hayo ni sahihi, ila yamepungukiwa. Methali yenyewe ina wahusika wawili. Yupo mchezaji, na wapo watu wa kwao ambao wanatazama, wanamjua, na wana uwezo na nia ya kutunza. Akikosekana mmoja, methali haina mahali pa kusimama. Je, katika mitaa ya Mathare, Huruma, Kariobangi, Dandora na Kayole, ambako watoto wanaocheza ni wengi kuliko viwanja, ni nani hutunza? Makala haya yanashikilia kwamba jibu bora zaidi lililowahi kutolewa kwa swali hilo Eastlands ni la asasi moja ya vijana, na kwamba jibu hilo linawahusu wanafunzi wa Kiswahili zaidi ya wanavyodhani.

Kwanza, mahali penyewe. Eastlands si kitongoji kimoja. Ni upande mzima wa jiji uliotengewa Waafrika enzi za ukoloni, wakati makazi ya Nairobi yalipogawanywa kwa misingi ya rangi. Pumwani ilianzishwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia; Kaloleni na Ziwani zikajengwa katika miaka ya 1940; Ofafa na Mbotela zikapewa majina ya Ambrose Ofafa na Tom Mbotela, viongozi waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Baada ya uhuru zikaja Buruburu, Umoja na Dandora. Wajenzi wa baadhi ya mitaa ile ya kale, pamoja na ubaguzi uliowaongoza, walikumbuka jambo moja: waliacha ukumbi wa jamii na uwanja wa kuchezea. Wajenzi wa baadaye walikuwa na haraka ya kuhesabu vyumba vya kupangisha. Nako Mathare, kando ya mto uliobeba jina hilo, hapakuwa na ramani yoyote ya kusahau uwanja, kwa maana watu walijijengea wenyewe pasi na kutambuliwa.

Ni huko Mathare, mwaka wa 1987, ambako Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi za ushauri kuhusu mazingira na maendeleo, alianzisha pamoja na vijana wa mtaa chama kilichokuja kujulikana kwa ufupi kama MYSA, yaani chama cha michezo cha vijana wa Mathare. Watoto walikuwa tayari na mpira wao wa juala na kamba. Walichokosa ni ligi, refa, na mtu mzima wa kuuchukulia mchezo wao kwa uzito. Walipewa ligi kwa sharti: wanaotaka kucheza mtaani sharti wausafishe mtaa huo. Taka zilikuwa zimeziba mitaro, na maji yaliyotuama yalikuwa chanzo cha maradhi ya wale wale waliotaka kucheza.

Utaratibu uliofuata ndio kiini cha hoja hii. Katika ligi za MYSA, timu iliyoshinda mechi ilipata pointi 3, ilhali timu iliyokamilisha kazi ya usafi ilipata pointi 6. Timu ingeweza kuwa na washambuliaji hodari kupindukia na bado ikakosa ubingwa kwa kuwa haikushika beleshi. Refa naye, juu ya kadi ya manjano na nyekundu zinazojulikana kote duniani, alikuwa na kadi ya kijani ya kumtuza mchezaji aliyeonyesha uungwana. Kaulimbiu ya chama ilikuwa ya wazi kama sheria ya kijijini: ukifanya kitu, MYSA itafanya kitu, usipofanya kitu, MYSA haitafanya kitu.

Matunda yake yanajulikana. Mwaka wa 1992 wasichana walianza kucheza, jambo ambalo wazazi wengi hawakulipokea kwa urahisi, kwani binti alitarajiwa kuwa nyumbani akipika na kulea wadogo zake. Mwaka huo huo chama kilipata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Mwaka wa 1994 iliundwa timu ya Mathare United, ambayo ilitwaa Kombe la Moi mwaka wa 1998 na ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka wa 2008. Fauka ya hayo, yalianzishwa mafunzo ya kujikinga na UKIMWI yaliyotolewa na vijana kwa vijana wenzao, maktaba za mitaani kwa wanafunzi ambao nyumbani kwao hapana meza wala taa, mpango wa kuwahudumia watoto waliozuiliwa rumande, mafunzo ya kupiga picha, na tuzo za uongozi ambazo fedha zake hulipwa shuleni kama karo ya kijana aliyejitolea.

Wapo watakaosoma orodha hiyo kama orodha ya misaada. Kusoma hivyo ni kukosa maana. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana silaha ambayo wahisani wengi hawana, nayo ni neno lenyewe "ustawi". Kitenzi "stawi" tulikitumia kwa mimea kabla hakijaingia katika majina ya wizara. Shamba hustawi, mgomba hustawi. Hakuna mkulima anayeweza kuupa mgomba ustawi kama anavyompa mgeni kikombe cha chai. Analoweza ni kuandaa udongo, kupalilia na kumwagilia. Kustawi ni kazi ya mgomba wenyewe. Basi msaada unaomfanya mtu apokee tu, hata ukiwa mwingi, haujafika kwenye ustawi. Mtoto wa Mathare aliyepewa viatu amepata viatu. Mtoto aliyepewa viatu, akakabidhiwa ratiba ya ligi aipange, akawaamkia wazee wa ploti awaombe reki na toroli, kisha akaona jina lake likisomwa mbele ya mtaa mzima, huyo ameanza kustawi. Ametunzwa na wa kwao, tena kwa jambo alilowatendea wa kwao.

Ni wajibu wa haki kukiri kwamba mfano huu una upinzani mzito. Upinzani wa kwanza unauliza: kwa nini mtoto maskini ndiye azoe taka? Wakazi wa Lavington hawaombi pointi za ligi ili mitaro yao izibuliwe. Kazi hiyo ilikuwa ya Halmashauri ya Jiji, na tangu mwaka wa 2013 ni ya Serikali ya Kaunti. Isitoshe, taka ya jiji zima huishia Eastlands, kwenye jaa la Dandora lililofunguliwa katika miaka ya 1970. Uchunguzi uliotolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka wa 2007 uliwapima watoto 328 waishio karibu na jaa hilo, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha kutia hofu. Hakuna reki ya kijana inayoweza kuiondoa risasi hiyo. Vilevile, mafuriko ya Aprili 2024 yalipoikumba Mathare, na serikali ikabomoa nyumba zilizokuwa kando ya mto mwezi uliofuata, ilibainika wazi kwamba mtaro safi hauwezi kuziba pengo la mipango mibovu ya jiji.

Upinzani huu ni wa kweli, na jibu lake si kuukana. Kazi ya asasi haiifutii serikali deni lake. Lakini tuangalie nani hulidai deni hilo. Mtaa usio na chama, usio na kikao, usio na kijana aliyewahi kusimama mbele ya wenzake akasema akasikizwa, hudai kwa kelele za siku moja kisha hunyamaza. Kijana aliyezoea kuendesha ligi ya mamia ya wenzake anajua kuitisha mkutano, kuandika kumbukumbu na kumuuliza diwani swali. Chama kinachomfunza hayo hakimsaidii mdeni kukimbia, kinamwandaa mdai.

Upinzani wa pili ni kuhusu mwanzilishi mgeni na fedha za kutoka nje, hususan Norwe, ambako timu za MYSA zimekuwa zikisafiri kushiriki mashindano ya vijana. Watu husema kwamba hii ni hisani ya Wazungu iliyovishwa jezi. Shaka hiyo ina msingi, kwani tumeona miradi mingi ikifa siku mfadhili alipobadilisha mawazo. Hata hivyo, kipimo cha asasi ni mahali ambapo uamuzi hufanywa. Uongozi wa MYSA uliachwa mikononi mwa vijana waliochaguliwa kutoka mitaa yao, wengi wao wakiwa bado wanafunzi. Fedha zikitoka mbali na uamuzi ukibaki karibu, mwenyeji angali mwenyeji. Yakigeuzwa hayo, yaani uamuzi ukahamia mbali, hata shilingi ya nyumbani itakuwa ya kigeni.

Hapo ndipo suala la lugha linapoingia, nalo halijapewa uzito unaostahili. Asasi nyingi za Nairobi huandika maombi ya fedha na ripoti zake kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Matokeo yake ni kwamba hali ya mtaa huelezwa kwa lugha ambayo mama muuza mboga wa Huruma hawezi kuisahihisha. Ataitwa "mnufaika" bila kujua, atahesabiwa, na akihisi amehesabiwa vibaya hatakuwa na pa kusemea. Mahali ambapo mtu hawezi kusoma yaliyoandikwa juu yake, uamuzi umekwisha kumponyoka.

MYSA yenyewe inatoa dokezo la njia nyingine. Kikundi chake cha sanaa za maonyesho kiliitwa Haba na Haba, jina lililokatwa kutoka methali ambayo kila mtoto anaweza kuimalizia. Kupitia ngoma na maigizo, mambo mazito kama UKIMWI yalizungumzwa mbele ya watu waliokuwa wakisikia, wakicheka na wakijibu. Huo ndio ushirikishi wa hadhira tunaousomea katika fasihi simulizi, isipokuwa hapa matokeo yake hayakuwa alama za mtihani. Huenda kijana fulani yu hai kwa sababu alilielewa igizo.

Basi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana deni gani? Mosi, wajitolee kuziandaa ripoti za asasi za mitaani kwa Kiswahili kinachosomeka, ili zibandikwe ukutani mwa ukumbi na zijadiliwe na wanaotajwa ndani yake. Pili, waache kuiona Sheng ya Eastlands kama ugonjwa wa kutibiwa tu. Wakusanye msamiati ambao vijana wameubuni kuhusu njaa, woga, polisi na matumaini, maana huo ndio ushahidi wa hali yao ya moyo. Tatu, tasnifu zetu juu ya fasihi simulizi zisiishie vijijini kana kwamba fanani hapandi matatu. Basi la kutoka chuoni hadi Kariobangi halichukui muda mrefu kuliko mhadhara mmoja.

Jiji hili limewazoesha watu wa Eastlands kusikia habari zao zikianza na uhalifu na kuishia na huruma. Vijana waliokubali kuhesabu usafi kuwa bora mara mbili kuliko bao walikuwa na habari nyingine. Walicheza kwao. Kuwatunza ni juu ya wa kwao, na katika hao tumo sisi tunaoifundisha methali.