Jamani, logi haigawanyiki kwenye kujumlisha!

Leo naongea na walimu watarajiwa wenzangu, na sibembelezi mtu.

Kila testi ya kalkulasi ikirudi wimbo ni uleule: "Nilijua bwana, nimekosea kidogo tu." Kidogo gani? Mtu kapewa ln(x² + 1) adifrenshieti. Anaikata vipande: ln x² + ln 1. ln 1 ni sifuri, inabaki 2 ln x, jibu 2/x. Fasta, safi, na uongo mtupu! Jibu ni 2x/(x² + 1). Weka x = 1 uone: lake linatoa 2, la kweli linatoa 1. Hicho ndicho kidogo?

Eti uzembe. Nakataa. Mzembe hukosea popote, sisi tunakosea palepale nusu darasa. Tatizo ni kwamba tumekariri sura ya kanuni tukaacha maana. Tangu sekondari tumezoea 2(x + 3) = 2x + 6, basi tukiona ln na mabano tunaiingiza ndani kama vile ni namba inayozidisha. Siyo namba ile! John Napier alipotoa majedwali yake mwaka 1614 alitaka kupunguza kazi ya kuzidisha namba kubwa. Logi inageuza kuzidisha kuwa kujumlisha, basi. Kuhusu kujumlisha kwenyewe haikuahidi kitu. log 10 + log 10 ni 2, lakini log 20 ni kama 1.301 tu.

Na siyo hilo peke yake. (ln x)² inatoa 2 ln x / x, wakati ln(x²) inatoa 2/x, ila watu wanazichanganya kila siku. Mwingine akiona ln(5x) anaandika 1/(5x). Kumbe hapa ndipo kugawa kunaruhusiwa: ln 5 + ln x, ln 5 haibadiliki, jibu 1/x. Pa kugawa hagawi, pasipo kugawa anagawa! Halafu kuna xˣ, mtu anashusha kipeo kama kawaida. Kanuni ile ni ya kipeo kisichobadilika. Chukua logi pande zote, ln y = x ln x, utapata xˣ(ln x + 1).

Najua mtasema madesa yanatosha, muhimu tusile sapu. Sawa, utapita. Ukienda TP utasimama mbele ya kidato cha sita, dogo mmoja atauliza, "Kwa nini, mwalimu?" Utamjibu "ndiyo kanuni"? Kosa lako moja litaingia kwenye madaftari ya darasa zima, na baadhi yao watakuja kuwa walimu pia.

Kabla hujaikata logi, weka namba ujaribu. Sekunde kumi tu.

Anayepinga aje na mfano, siyo matusi. Nawasilisha.