MASOMO YA MTU ALIYE KAZINI

Wako watu wadhanio kwamba shule ni ya vijana tu, na kwamba mtumishi aliyekwisha kufanya kazi miaka kumi au kumi na mitano, akiomba ruhusa ya kwenda kusoma, anaikimbia kazi yake. Sisi hatukubaliani nao. Twasema kwamba katika kazi ya maendeleo, elimu huzaa zaidi kwa mtu ambaye amekwisha kuonja ugumu wa kazi yenyewe.

Tutazame jambo la maji. Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi, umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Nchi rafiki, Sweden ikiwa mojawapo, zilitoa fedha nyingi. Mwaka 1991 ulifika na lengo halikutimia. Visima vilichimbwa na mabomba yakalazwa, lakini katika vijiji vingi pampu zilisimama kwa kukosa mafuta, vipuri na mafundi. Wanakijiji nao hawakuwa wameshirikishwa vya kutosha tangu mwanzo. Nia njema ilikuwapo. Iliyokosekana ni hesabu ya mwaka wa tano na wa kumi.

Kijana aliye darasani huisoma habari hii ili ashinde mtihani. Bwana maji aliyepata kusimama mbele ya akina mama wenye ndoo tupu, akiulizwa pampu itatengenezwa lini, huisoma kama habari yake mwenyewe. Anakwenda chuoni na maswali, na mwenye maswali hapotezi siku.

Vyuo vya namna hiyo vipo. Huko The Hague, Uholanzi, Taasisi ya Masomo ya Jamii ilianzishwa mwaka 1952. Uingereza, taasisi ya masomo ya maendeleo iliyoko Sussex ilianza mwaka 1966. Hapa nyumbani tunacho Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1980. Humo mtumishi hujifunza kupima gharama ya mradi pamoja na gharama ya kuutunza; kusoma masharti ya mkopo, riba yake na muda wa kuulipa, kabla wino haujakauka; kuweka vipimo tangu siku ya kwanza ili baadaye ijulikane kama kazi imefaa; na kuwasikiliza wananchi kabla ya kuchora ramani. Akiketi pamoja na wenzake kutoka India au Ghana, huona kwamba shida zake si ngeni, na kwamba pengine mwenzake amekwisha kupata dawa yake.

Lakini faida hiyo haiji yenyewe. Nafasi ya masomo hulipiwa na jasho la wananchi, au na msaada uliotolewa kwa jina lao. Kwa hiyo achaguliwe mtu kwa kazi yake, wala si kwa ujamaa wa damu au kwa kujuana na mkubwa. Karani wa wilaya na fundi wa maji wasisahauliwe, kwa maana ndio wanaokutana na matatizo kila siku.

Tena, anayerudi apewe kazi inayolingana na alichojifunza. Kumsomesha mtu mwaka mzima, kisha kumweka penye meza isiyohusika na ujuzi wake na kuifungia taarifa yake kabatini, ni kutupa mali ya umma. Naye msomi akumbuke kwamba cheti si kiti cha enzi. Kipimo cha masomo yake ni kama pampu inatoa maji, na kama hesabu za halmashauri zinaeleweka.

Wakubwa wa kazi nao wasione haya kurudi darasani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkuu wa idara anayekubali kuinama mbele ya kitabu ataweza pia kuinama mbele ya mwanakijiji na kumwuliza anataka nini.

Twawaomba wenye madaraka wawaruhusu watumishi wao wakasome, na wawangoje kwa kazi iliyo tayari. Nao watakaokwenda, warudi.