Pedali inayolia haijafa

KUNA tabia imejengeka katika bendi na kwaya zetu. Chombo kikianza kulia au kugoma kinatupwa stoo, kisha siku moja anapita mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake, na habari inaishia hapo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa iende pedali moja ya dramu niliyoikuta mwezi uliopita chini ya viti vilivyovunjika, katika stoo ya kwaya yetu. Ni Speed King, ya akina Ludwig wa Chicago, Marekani. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1937. Ringo Starr wa Beatles aliikanyaga. John Bonham wa Led Zeppelin naye aliikanyaga, na katika albamu yao ya tatu ya mwaka 1970 pedali inasikika ikilia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Sijasikia mtu aliyerudisha albamu ile dukani.

Mpiga dramu wetu, kijana mwenye kipaji, aliniambia imekufa, eti haina springi. Pedali nyingi za leo springi yake iko nje, ubavuni, unaiona. Speed King inazo mbili, zimefichwa ndani ya nguzo zake, nazo hubanwa badala ya kuvutwa. Ukiipindua utaona skrubu kubwa chini ya kila nguzo. Ndiyo inayokaza na kulegeza springi, na ukiitoa yote, springi inatoka.

Skrubu zetu zilishikwa na kutu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanashika nyundo, au bisibisi nyembamba, wanakwangua kichwa mpaka hakishikiki. Sisi tulitia mafuta mepesi, tukaacha usiku kucha, tukatia tena. Siku ya tatu zilikubali zenyewe. Springi zilikuwa nzima kabisa! Ubaya ulikuwa grisi ya miaka mingi, imeganda na vumbi mithili ya gundi. Tukaosha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, pamoja na beringi za ekseli inayobeba kirungu, tukakausha, tukapaka grisi mpya kidogo. Nasisitiza kidogo, maana grisi nyingi hukaribisha vumbi. Kijana alitaka tuipige msasa na rangi, nikakataa. Pedali ni ya kukanyagwa.

Gharama yote haikufika nauli ya kwenda mjini na kurudi. Pedali mpya tulishaipigia hesabu, ikawa michango ya kwaya ya miezi mitatu.

Siwalaumu vijana. Tunawafundisha kupiga, hatuwafundishi kufungua. Kwaya yetu imepitiwa na walimu watatu wa muziki, na hakuna aliyewahi kumpa mwanafunzi bisibisi. Viongozi wa kwaya na wenye bendi waanzie hapo: kabla chombo hakijauzwa kwa kilo, mpigaji wake akifungue kwanza.

Jumapili iliyopita pedali ilipigwa ibada nzima. Bado inalia kidogo upande wa kushoto. Jumamosi tunaifungua tena.