Kasongo na Kabambare: gurupe isiyokula esansi haipo, watu wasichangishwe feza

Video zinapita kutoka simu hadi simu, Kasongo mjini na hata machimboni upande wa Salamabila, teritware ya Kabambare. Zinasema hivi: toa chuma ndani ya bobina za gurupe, weka mti ao plastiki, sumaku haitashika tena, na mashine itajizungusha yenyewe. Mahali esansi inafika kwa njia mbovu na bei inapanda kila kituo, neno kama hilo linaingia haraka katika masikio.

Vijana wanaofungua gurupe zilizokufa wasichekwe. Nusu ya neno lao ni kweli. Zungusha kwa mkono bila kufunga taa: sumaku inavuta chuma, inashika, inaachia, inashika tena. Chuma kikitoka, kushika huko kunaisha. Tena chuma kinene kinapata joto bure, kwani sumaku inazalisha umeme ndani yake. Ndiyo sababu viwanda vinapanga mabati membamba yaliyopakwa vanishi. Kijana anayeondoa kipande kinene na kuweka mabati ya transfo ya zamani anaokoa nguvu kweli, na fundi kama huyo anastahili wateja.

Nusu ya pili ndiyo uongo. Taa ikiwashwa, uzito unarudi, na hautoki katika chuma. Umeme unaopita katika bobina unajenga sumaku yake, nayo inapinga mzunguko ulioizaa. Faraday alionyesha umeme wa sumaku mwaka 1831. Lenz akaandika kanuni hii mwaka 1834. Lakini nani anahitaji Lenz? Simama karibu na fundi wa kuchomelea vyuma. Fimbo yake haijagusa, gurupe inaimba. Ikigusa tu, inalia na kuvuta esansi zaidi. Hata Inga ni hivyo hivyo, Inga 1 ya mwaka 1972 na Inga 2 ya mwaka 1982: watu wakiwasha zaidi, maji mengi zaidi lazima yapite katika turbini. Kama mti ndani ya bobina ungetosha, nani angejenga baraje?

Na kutoa chuma kuna bei yake. Nguvu ya sumaku inapungua ndani ya bobina, volti zinashuka, inabidi kuongeza mizunguko mingi ya waya wa shaba. Waya mrefu unapata joto. Kwa chombo kidogo cha upepo kinachozunguka polepole, hesabu hiyo inaweza kukubalika. Kwa gurupe ya esansi ya kuchaji simu, mara nyingi ni kuharibu mashine nzima.

Anayejaribu kwa feza yake, ajaribu. Anayeomba mama muuza samaki ao mchimbaji atoe mchango kwa ajili ya gurupe ya ajabu, kwanza aiweke mezani sokoni. Kifuniko kitolewe, kusiwe na batri wala waya chini ya meza, na taa iwake kutoka asubuhi hadi jioni mbele ya watu. Na anayesema amepunguza tu matumizi, kazi yake ni rahisi zaidi: lita moja katika gurupe ya kawaida, lita moja katika yake, taa zile zile, na saa mkononi. Mpaka siku hiyo, feza zibaki mfukoni mwa wenyewe.