Anayelipa na Anayesema

Wapo wanaodai kwamba redio inayolipwa na serikali ya kigeni haistahili kuaminiwa hata siku moja. Mimi nawapinga. Nimeisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika tangu utotoni, kwenye redio ya betri ya marehemu baba. Yeye na wenzake barazani walizicheka sifa za Marekani. Waliiamini redio hiyo pale ilipotangaza aibu ya Marekani yenyewe, kama kashfa ya Watergate iliyomng'oa Rais Nixon mwaka 1974.

Mwaka 1976 Rais Ford alitia saini sheria iliyoitaka itoe habari sahihi na zisizopendelea upande. Lakini sheria ni karatasi. Septemba 2001, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilijaribu kuzuia mahojiano na Mullah Omar, kiongozi wa Taliban. Watangazaji walikaidi, wakatumia sehemu zake katika taarifa yao. Kwangu mimi, siku ile waliitumikia nchi yao kuliko hao waliowakataza.

Machi 2025, ndugu msomaji, serikali ya Rais Trump iliwapa likizo ya lazima wafanyakazi zaidi ya 1,300. Ikulu ikailaumu redio hiyo kwa siasa kali. Anayetaka kusifiwa tu si angefuga kasuku? Gharama yake ni ndogo. Jioni moja ya mwezi huo nilitafuta taarifa ya habari kwenye masafa mafupi, nikakuta mvumo mtupu.